Kutoka ndegeni Frankfurt hadi treni ya Leipzig: dakika 70 zinatosha?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Mwezi wa nne nakwenda Ujerumani kumwona binti yangu aliyejifungua, wanaishi Leipzig. Ndege yangu kutoka Nairobi inatua Frankfurt saa 12:10 asubuhi. Mkwe wangu ameona tiketi ya treni ya euro 27.99 inayoondoka hapo hapo uwanjani saa 1:20, anataka kuilipia kabla haijapanda bei. Yeye anasema muda unatosha, binti anasema hautoshi. Nitakuwa na begi kubwa moja na vitu vya mzazi. Sijawahi kufika Ulaya. Niache muda gani, na treni ikiniacha nani atanifidia?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kupata mjukuu.

Binti yako yuko sahihi. Dakika 70 tangu ndege iguse ardhi hadi treni iondoke hazimtoshi mtu anayeingia Ulaya mara ya kwanza, mwenye begi la kusubiri kwenye mkanda. Wapo wanaowahi kwa muda huo, hasa wenye mkoba tu na pasipoti za Ulaya. Wewe si mmoja wao, na tiketi anayoitaka mkweo haina huruma.

Kuhusu fidia, hakuna atakayekulipa. Naliweka mbele kwa sababu ndilo linalowaumiza wasafiri wengi ninaowahudumia. Mtu akinunua tiketi ya ndege huku na ya treni kule, kisheria ana safari mbili zisizojuana. Ndege ikichelewa, shirika la reli linasema treni yetu iliondoka kwa wakati. Ukirudi kwa shirika la ndege, wanakuambia tulikuahidi kukufikisha Frankfurt, tumekufikisha. Ile sehemu ya katikati, kutoka mlango wa ndege hadi mlango wa behewa, ni mali yako peke yako.

Huenda umesikia habari za euro 600 kwa ndege iliyochelewa. Ni kweli ipo Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na kwa safari inayozidi kilomita 3,500 fidia inaweza kufika kiasi hicho. Lakini ucheleweshaji wenyewe ni wa kuanzia saa tatu unapofika, na uwe umesababishwa na jambo lililokuwa ndani ya uwezo wa shirika, dhoruba haihesabiwi. Tena kwa ndege inayotoka Nairobi kwenda Ulaya, kanuni hiyo inalibana shirika la Ulaya tu. Ukipanda shirika la Afrika au la Ghuba kuja huku, haikugusi. Ukirudi, kwa kuwa unaondokea ndani ya Umoja wa Ulaya, inakulinda kwa shirika lolote. Sasa tazama: ndege ikichelewa saa moja na nusu, treni imekwenda, na kanuni hiyo haina neno la kukuambia.

Mama yangu mzazi alipokuja mara ya kwanza nilimkatia tiketi ya namna hiyo hiyo, kwa dakika 55. Ndege iliwahi. Begi lake ndilo lililotoka mwisho kabisa mkandani. Treni iliondoka tukiwa bado tunalisubiri, na siku ile nililipa zaidi ya euro mia moja kwa tiketi nyingine huku yeye amekaa kwenye benchi na kanga mabegani, akiomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Tangu hapo simkatii mtu mzima yeyote tiketi ya kufungwa na treni moja kwa muda mfupi, hata anibembeleze vipi kuhusu bei.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu dakika, tuulize ni tiketi ya aina gani. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lina bei za namna tatu kwa treni za masafa marefu. Ya chini kabisa inaitwa Super Sparpreis, na kwa bei hiyo ya 27.99 nina hakika ndiyo aliyoiona mkweo. Imefungwa na treni iliyoandikwa na hairudishiwi pesa. Juu yake ipo Sparpreis, nayo imefungwa na treni, ila ukiifuta kabla ya siku ya safari unarudishiwa pungufu ya ada. Kisha ipo Flexpreis, ambayo unapanda treni yoyote ya njia hiyo siku hiyo, lakini bei yake inaweza kuwa mara tatu au nne ya ile ya chini. Kwenye tiketi zilizofungwa utaona neno Zugbindung. Mkweo akiliona neno hilo, ajue kwamba ukichelewa kwa sababu ya ndege, tiketi imekufa.

Ipo njia ya nne, nayo ndiyo ninayotaka muijaribu kwanza. Inaitwa Rail&Fly. Ni tiketi ya treni inayouzwa pamoja na tiketi ya ndege, kupitia shirika la ndege au wakala, na mashirika mengi yanayotua Ujerumani yanayo. Huipati dirishani stesheni. Uzuri wake ni kwamba haikufungi na treni yoyote: unapofika, unaweza kuitumia siku ile ya kutua au hata kesho yake. Begi likichelewa, unapanda treni inayofuata bila kuongeza senti. Mpigie wakala aliyekukatia ndege umuulize hivi: "Naweza kuongezewa Rail&Fly hadi Leipzig kwenye tiketi hii?" Akikubali, utapewa namba ya siri ya kuichukulia tiketi mtandaoni, mkweo aichukue mapema na kukutumia, na wewe uichapishe kwenye karatasi pia.

Usiichanganye na mpango mwingine ambao treni yenyewe inapewa namba kama ndege na kuwa kipande cha safari moja. Lufthansa wanao kwa baadhi ya miji ya Ujerumani, wakiuita Express Rail, na Air France wana wao wa kutoka Paris. Huo nao ni mzuri sana kwa anayekuja, kwa kuwa ndege ikichelewa wao ndio wanaokutafutia treni nyingine. Lakini una sharti moja wakati wa kurudi. Ukiamua kupelekwa uwanjani kwa gari ukaacha kupanda ile treni, kompyuta inakuhesabu hukutokea, na vipande vilivyobaki, ndege ikiwemo, vinaweza kufutwa.

Sasa dakika. Ndege ikigusa ardhi saa 12:10, hesabu robo saa au zaidi hadi utoke mlangoni, kwa sababu Frankfurt ni uwanja mkubwa, na mara nyingine ndege huegeshwa mbali, abiria wakachukuliwa kwa basi. Kisha unatembea, na ni mwendo mrefu. Usione aibu kuomba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi ikiwa magoti yanasumbua, ni huduma ya bure na hukupitisha njia fupi. Halafu uhamiaji. Ndege nyingi za kutoka Afrika na Asia hufika alfajiri karibu pamoja, ndiyo maana foleni ya saa hiyo ni ndefu kuliko ya mchana. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza pia mfumo mpya wa kuandikisha wageni mpakani badala ya mhuri wa pasipoti. Wewe mwenye viza alama zako za vidole zilikwisha kuchukuliwa ulipoiomba, lakini picha ya uso itachukuliwa hapo, na watu wote walio mbele yako nao wanapigwa zao. Mimi huhesabu dakika 30 hadi 60 kwa hatua hii peke yake.

Weka mkononi, si kwenye begi kubwa, barua ya mwaliko na udhamini wa binti yako, bima ya safari, tiketi ya kurudi na anwani ya Leipzig. Ofisa akiuliza unakwenda wapi, mjibu kwa kifupi: kwa binti yangu, Leipzig, amejifungua, nitarudi tarehe fulani. Karatasi zikiwa tayari, maswali huwa mawili matatu.

Begi lina dakika zake, 20 hadi 40. Ukijumlisha yote bila tatizo lolote kutokea, tayari umefika saa 1:30 au saa 2:00. Treni ya 1:20 imekwishaondoka.

Na bado kuna forodha, ambayo watu hawaihesabu kamwe. Umesema una vitu vya mzazi. Najua kwenu mzazi hawezi kukaa bila mtori, na binti yako huenda ameutamani miezi yote. Nyama ya aina yoyote, iwe mbichi, iliyokaushwa au iliyopikwa, hairuhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria kutoka kwetu. Maziwa na samli vivyo hivyo, hata kikopo kimoja. Wakivikuta vinatupwa mbele ya macho yako, na unaweza kutozwa faini. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili. Kahawa iliyokaangwa haina shida. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo maembe na parachichi yaache Moshi. Lakini yapo matunda matano yaliyosamehewa cheti: nanasi, nazi, duriani, tende, na ndizi. Ndizi zako za mtori zinapita, Mwalimu. Zifunge kwenye gazeti, usizifunge kwa majani ya mgomba, maana msamaha ni wa tunda na si wa majani. Nyama atanunua mkweo Leipzig.

Ukiwa huna kitu cha kutangaza unapita mlango wa kijani. Hata hapo wanaweza kukuita wafungue begi, na abiria wa ndege za masafa marefu wenye mabegi makubwa huitwa mara kwa mara. Kukaguliwa si kushukiwa. Jibu kwa utulivu, ila ni dakika nyingine 10 au 20 zimekwenda.

Ukitoka hapo, treni haiko mbali, lakini kuna mtego. Uwanja wa Frankfurt una stesheni mbili. Moja, Regionalbahnhof, iko chini ya Terminal 1 tangu 1972, nayo ni ya treni za mjini na za jirani. Nyingine, Fernbahnhof, ilifunguliwa 1999 kwa ajili ya treni za mbali kama yako, na kuifikia kutoka Terminal 1 unapita njia ya juu iliyoezekwa, dakika 10 hadi 15 kwa mwendo wa mtu mwenye begi. Wageni wengi huona alama ya kwanza ya treni wakashuka nayo, wakajikuta stesheni ndogo wakitafuta treni ambayo haitafika hapo. Wewe fuata neno Fernbahnhof mpaka mwisho. Kama ndege yako inatua jengo jingine, lazima kwanza uletwe Terminal 1 kwa kitreni cha ndani au basi la bure. Ongeza dakika 20.

Mkweo aangalie pia jina la stesheni kwenye tiketi. Treni za moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Leipzig zipo, lakini si kila saa. Nyingine utabadilishia Frankfurt Hauptbahnhof, stesheni kuu ya mjini, ambako treni ya S8 au S9 hukufikisha kwa takriban robo saa. Kwa mara ya kwanza, na begi, chagua ya moja kwa moja hata ikibidi kusubiri. Na asije akabofya Frankfurt (Oder), ambao ni mji mwingine kabisa, mpakani mwa Poland. Nimeshuhudia tiketi zilizokatwa kwa kosa hilo.

Basi ushauri wangu ni huu. Mkipata Rail&Fly, msihangaike na saa; utapanda treni ya kwanza utakayoiwahi ukiwa umetulia. Mkikosa, mkweo akate tiketi ya bei nafuu ya treni inayoondoka saa 3 asubuhi au baadaye kidogo, yaani karibu saa tatu baada ya kutua. Itakuwa imezidi euro chache, pengine hata haikuzidi. Ukimaliza mapema utakunywa chai na kuwapigia simu nyumbani. Intaneti ya uwanjani ni ya bure. Kama ungekuwa na mkoba tu na umezoea, ningekubali saa mbili. Chini ya hapo, na tiketi iliyofungwa, sikubali.

Alipie na nafasi ya kukaa. Wajerumani huiuza kando na nauli, kwa euro chache, na wasioilipia husafiri wamesimama treni ikijaa. Safari ni zaidi ya saa tatu.

Jambo moja linatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi itaandika 09:20, nayo ni saa 3:20 asubuhi. Usiku umekesha ndegeni, akili imechoka, na jicho likiona 9 ulimi unataka kusema saa tisa. Mkweo au binti akuandikie kwenye karatasi kubwa saa zote mbili, ya tiketi na ya kwetu, pamoja na namba ya treni, ya behewa na ya siti. Mwezi wa nne Ujerumani wako nyuma yetu saa moja. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi uirudishe nyuma mwenyewe.

Kama umewahi kupanda SGR ya Dar hadi Dodoma, umezoea mizigo kupita kwenye mashine na tiketi kukaguliwa kabla hujafika jukwaani. Hapa hakuna geti wala mtu. Unashuka jukwaani mwenyewe na begi lako, tiketi inakaguliwa mkishaanza safari, na uwe na pasipoti karibu. Jukwaa linaitwa Gleis. Limegawanywa kwa herufi zilizotundikwa juu, na ubao unaonyesha behewa lako litasimama herufi gani; simama hapo kabla treni haijaingia, kwa sababu haisimami kwa muda mrefu. Ikiwa umechelewa kufika penye herufi yako, panda mlango wowote ulio karibu ukatembelee ndani. Ila soma kwanza ubaoni treni inaelekea wapi, maana zipo treni mbili zilizounganishwa ambazo huachana njiani. Begi kubwa huwekwa kwenye rafu za katikati au karibu na mlango. Ukishindwa kulipandisha, mtazame kijana aliye karibu na umwonyeshe kwa mkono. Kwa miaka yote niliyokaa huku sijaona aliyekataa.

Na treni nazo huchelewa, tena sana. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na hapo kuchelewa chini ya dakika sita hakuhesabiwi. Hili likitokea, safari hii sheria iko upande wako. Ikionekana utafika Leipzig umechelewa dakika 20 au zaidi kwa sababu ya reli, ile kamba ya treni moja inakatika na unaweza kupanda nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60 unadai robo ya nauli, ukifika umechelewa saa mbili unadai nusu. Tunza tiketi, mkweo atakujazia fomu.

Kwa sababu hiyo hiyo, siku ya kurudi geuza hesabu iwe kali zaidi. Sasa aliye hatarini si treni ya euro 30, ni ndege ya kwenda Nairobi. Panga kufika uwanjani saa nne kabla ya ndege kuruka, na ukubali hasa treni ambayo, hata ikikosekana, ipo nyingine nyuma yake inayokufikisha kabla dirisha la mizigo halijafungwa. Kama ndege ni ya asubuhi, laleni Frankfurt.

Unakoshukia hakuna ugumu. Leipzig Hauptbahnhof ni stesheni ya mwisho wa reli: treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa kinyumenyume, hivyo hata ile inayoendelea Dresden husimama hapo kwa dakika kadhaa, na utashuka bila kukimbizwa. Stesheni ni kubwa mno, kwa hiyo mkubaliane kabisa kwamba mkweo atakufuata jukwaani, mlangoni mwa behewa namba fulani, wala usianze kumtafuta kwenye maduka. Ukisikia wanatangaza Erfurt, mpigie. Zitakuwa zimebaki kama dakika 40, zinamtosha kutoka nyumbani akiwa na kijukuu kifuani.